Jicho ni Amana: Jawabu kwa Walioulizia Darubini na Picha za Mwezi

Twamshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu, na twamwomba ampe rehema na amani Mtume wetu Muhammad, na aali zake, na sahaba zake wote.

Amma baad. Imetufikia katika darsa yetu suala kutoka kwa jamaa wa mtaani. Wasema kwamba wako vijana wao walionunua darubini, na kila usiku wa mbingu safi huiweka uani au juu ya sakafu ya nyumba, wakaifungia kamera, wakaupiga picha mwezi, na Zuhura, na Mushtari, na Zuhali. Baadhi ya wazee wamekasirika. Wako wasemao kwamba huku ni kuchungulia mambo ya Mungu. Wako wasemao kwamba ni unajimu, na unajimu ni haramu. Na wako wasemao kwamba picha zenyewe hazifai. Vijana nao wajibu kwa ukali kwamba picha zao ndizo zitakazokata maneno ya mwandamo wa Ramadhani na Idi, na kwamba hapana haja tena ya mashahidi wala ya kadhi. Twaulizwa: haki iko upande gani?

Jawabu yetu ni kwamba kila upande umeshika kipande cha haki na kukiacha kipande kilichobaki. Wazee wamesahau kwamba kutazama mbingu ni ibada iliyoamrishwa. Vijana wamesahau kwamba mwenye kutazama ni shahidi, na shahidi ana sharti zake. Jicho ni amana. Ukiliongezea darubini huwi umeipunguza amana ile, umeizidisha. Na haya ndiyo tutakayoyaeleza, suala baada ya suala, kwa msaada wa Mwenyezi Mungu.

Suala la kwanza: Je, ni kuchungulia mambo ya Mungu?

Twawauliza wasemao hivyo: ni nani aliyeziweka nyota mahali pa kuonekana? Mtu huchungulia kitu alichofichwa. Ama kitu alichoonyeshwa, kutokitazama ndiko kukosa adabu. Qur'ani imetuamrisha si mara moja wala mbili tutazame vilivyomo mbinguni na ardhini, na imewasifu wenye akili kwamba wao humkumbuka Mola wao wakisimama na wakikaa na wakilala, na huku wakifikiri juu ya kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Nabii Ibrahim, amani imshukie, aliwaonyesha watu wake nyota, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kilipotua aliwajulisha kwamba kinachotua hakiwi mungu. Hoja yake yote ilisimama juu ya kutazama. Lau angalifumba macho, angaliwakinaisha kwa kitu gani?

Sasa zingatia, ewe ndugu msomaji, ni nini anachokiona kijana yule uani. Aielekezapo darubini kwenye mwezi wa siku saba au nane, aona kwamba uso ule tuuonao laini kama sahani una milima, na mabonde, na mashimo ya duara yasiyohesabika. Na pale mpakani baina ya mwangaza na kiza, vivuli vya milima vimelala virefu kama vivuli vya minara wakati wa alasiri. Aielekezapo kwenye Mushtari, aona si nukta tena bali ni tufe lenye mikanda, na ubavuni mwake vinukta vinne vimejipanga safu moja. Akirudi usiku wa pili avikuta vimebadilisha mahali, kwa kuwa ni miezi inayoizunguka Mushtari kama mwezi wetu unavyoizunguka ardhi. Galileo wa Italia aliiona miezi hiyo mwaka 1610 kwa darubini iliyo duni kuliko nyingi zinazouzwa leo. Aielekezapo kwenye Zuhura, aiona ikikua na kupungua mfano wa mwezi. Na aielekezapo kwenye Zuhali, aona pete imeizunguka bila ya kuigusa, na hapo aghalabu ya watu hunyamaza, kisha husema Subhanallah bila ya kuambiwa na mtu.

Nuru ya mwezi, ulio mbali nasi kama kilomita 384,000, hutufikia kwa sekunde moja na kitu. Nuru ya Mushtari huchukua baina ya dakika 33 na 54, kwa kadiri ya umbali wake wakati ule, na ya Zuhali huchukua zaidi ya saa moja. Basi mtu aketiye mara baada ya Isha kuitazama Zuhali hana lolote alionalo la wakati wake. Nuru iliyo jichoni mwake ilitoka huko kabla yeye hajasimama kusali Isha ile. Je, mtu ajuaye hili atazidi kiburi, au atazidi kujua udogo wake? Ikiwa darubini yamtoa kijana barazani pa kusengenya watu na kumkalisha uani akitafakari ufalme wa Mola wake, sisi hatuoni la kumkataza. Twaona la kumsaidia.

Suala la pili: Je, picha zenyewe zafaa?

Katika Hadithi sahihi, Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amridhie, alijiwa na mtu ambaye maisha yake yalikuwa ni kuchora sura. Alimtahadharisha na kuchora viumbe vyenye roho, kisha akamwongoza achore miti na visivyokuwa na roho. Mwezi ni jiwe na mchanga. Mushtari ni hewa nzito zilizokusanyika. Hakuna roho humo. Kwa hivyo hata mwenye msimamo mkali kabisa katika suala la picha hana hoja hapa, na wala hapana haja ya kuyafungua upya mabishano ya picha za watu.

Lakini yataka watu wajue picha hizi hupatikana vipi, maana hapo ndipo ilipo amana tuliyoitaja.

Mtu wa kwanza kupata picha nzuri ya mwezi kwa kamera alikuwa John William Draper, huko New York mwaka 1840, na ilimbidi aiache bamba lake likiangaliwa na mwezi kwa muda wa kama dakika 20. Leo kamera ni nyepesi, lakini kizuizi kikubwa ni kile kile, nacho ni hewa. Hewa iliyo juu yetu haikai. Hutikisika kama tuionavyo ikitetemeka juu ya mabati wakati wa adhuhuri. Mfano wake ni sarafu iliyo chini ya maji ya kisima: maji yakicheza, sarafu huonekana ikivunjika na kuungana, na kwa nukta moja tu, maji yatuliapo, huonekana barabara.

Basi mpiga picha wa sayari hapigi picha moja. Huiweka kamera mahali pa jicho lake, akachukua maelfu ya picha mfululizo kwa muda wa dakika chache. Hawezi kuendelea muda mrefu, kwa kuwa Mushtari, ambayo upana wake ni kama ardhi kumi na moja, hujizungusha mara moja kwa muda usiotimia saa kumi, na akichelewa mchoro wake utachafuka. Kisha kompyuta huzichagua zile picha chache zilizopatikana hewa ilipotulia, ikazitupa nyingine, ikaziweka zilizobaki moja juu ya nyingine. Makosa ya kila picha yako mbali mbali, na haki yao ni moja; zikikusanywa, makosa hupungua na haki hudhihirika. Ukikusanya picha 100, ile chembechembe ya uchafu hupungua mara kumi. Ni kama mashahidi wengi waliokaa mbali mbali wakashuhudia jambo moja: alilokosea mmoja halifanani na alilokosea mwenziwe, bali walilosibu limekuwa moja.

Na sisi watu wa pwani tumepewa neema katika jambo hili. Huko London, miaka mingine Mushtari na Zuhali hupita chini karibu na upeo, na nuru yao hupenya hewa nene. Hapa Mombasa, iliyo digrii nne tu kusini ya mstari wa Ikweta, sayari hizo zifikapo kilele chake husimama zaidi ya digrii 60 juu ya upeo, na mara nyingine hukaribia utosi. Mlango tumefunguliwa; ni sisi tusioingia.

Ama amana yenyewe ni hii. Baada ya picha kukusanywa, mpigaji huinoa kwa kompyuta ili michoro ionekane. Akinoa kwa kiasi, amekidhihirisha kilichokuwapo. Akipindukia, mistari na vidoa ambavyo havimo katika sayari hutokea, na yeye huwaonyesha watu akisema, "Tazameni nilichokiona." Kudhihirisha ni jambo moja na kuzidisha ni jambo jingine. Baina ya mawili hayo hapana kadhi wa kumhukumu usiku ule ila moyo wake na Mola wake.

Mwaka 2023 ilidhihirika jambo la kutisha katika mlango huu. Mtu mmoja aliichukua picha ya mwezi, akaiharibu makusudi mpaka ikawa ukungu mtupu, akaiweka kwenye kioo cha kompyuta katika chumba cha kiza, kisha akaipiga picha kwa simu mashuhuri ya kampuni moja kubwa. Simu ikamtolea mwezi wenye mashimo na mabonde ambayo katika ile picha ya ukungu hayakuwamo kabisa! Simu ile ilikuwa imefundishwa kuutambua mwezi na kuupamba. Basi jihadharini. Chombo chaweza kushuhudia kisichokiona, na mwenye chombo akaapa kwa ushahidi wake.

Mfano wa mtazamaji mwaminifu

Tukitaka mfano wa mtu aliyeitekeleza amana hii, hatuoni haya kuuchukua kwa asiyekuwa wa dini yetu, kwani hekima ni kitu kilichompotea Muislamu, popote akipatapo ana haki nacho zaidi.

Anthony Wesley ni mtu wa Australia, wakati ule kazi yake ilikuwa programu za kompyuta, na nyumba yake ilikuwa kijijini Murrumbateman, karibu na Canberra. Usiku wa tarehe 19 Julai 2009 alikuwa uani kwake akiipiga picha Mushtari kwa darubini yenye kioo cha upana wa kama sentimita 37. Hewa ilikuwa mbaya na alikaribia kufunga vyombo akalale, akaona heri apumzike kidogo, kisha akarudi. Aliporudi akaona karibu na ncha ya kusini ya Mushtari doa jeusi ambalo hakulijua.

Sasa angalia alivyofanya. Hakupiga kelele. Kwanza alijiuliza: pengine ni mojawapo ya miezi ya Mushtari? Akatazama, akaona haliendi mwendo wa mwezi. Pengine ni kivuli cha mwezi? Akapima mahali pake na wakati, akaona hapana kivuli kinachoweza kuangukia pale. Pengine ni tufani ya Mushtari yenyewe? Akazirejea picha zake za usiku mbili zilizotangulia, akakuta pale mahali palikuwa safi. Ndipo alipowaandikia wataalamu. Siku iliyofuata darubini kubwa iliyo juu ya mlima Mauna Kea, huko Hawaii, ikaelekezwa pale, na haki ikathibiti: kitu kutoka angani kilikuwa kimeipiga Mushtari, na kovu lake ni kadiri ya Bahari ya Pasifiki. Tarehe 23 Julai darubini ya Hubble iliyo angani ikaipiga picha.

Mtu mmoja, uani kwake, bila ya mshahara na bila ya cheo, aliwatangulia wenye vyombo vya mamilioni. Lakini sisi twamsifu zaidi kwa kingine. Qur'ani imetuamrisha tuhakikishe khabari tunapoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Yule bwana aliihakikisha khabari ya macho yake mwenyewe kabla ya kuwapa wengine. Ni wangapi katika sisi, usiku wa mwezi ishirini na tisa, wanaofanya hivyo?

Suala la tatu: Je, huu si unajimu?

Hapana. Lakini wazee wana sababu ya kuogopa, kwa kuwa mambo mawili haya yaliishi nyumba moja kwa karne nyingi. Elimu ya falaki ni kujua mwendo wa jua na mwezi na nyota, na kwa hiyo hujulikana kibla, na nyakati za Sala, na miezi, na njia za baharini; manahodha wetu waliotweka kwa kaskazi na kusi hawakufika Maskati kwa kubahatisha. Unajimu ni kudai kwamba nyota hizo ndizo ziletazo riziki na maradhi, ndoa na talaka. Ya kwanza ni elimu. Ya pili ni uwongo, na mtu akiamini kwamba nyota yatenda kwa nguvu zake, amekwisha toka katika Tauhidi.

Mpaka leo wako miongoni mwetu wanaohesabiwa majina yao na ya mama zao, wakaambiwa, "Nyota yako ni Zuhali, na Zuhali ni nuksi, toa kadha wa kadha uondolewe." Mjane huuza bangili yake kwa maneno haya. Baba huivunja posa ya binti yake kwa maneno haya. Sisi twasema: mpelekeni mnajimu huyo uani kwa kijana mwenye darubini. Aitazame Zuhali na pete yake, iliyo mbali nasi zaidi ya kilomita milioni elfu, itembeayo kwa hesabu asiyoijua yeye wala baba yake. Kisha aulizwe: ni wapi katika tufe lile palipoandikwa jina la binti wa fulani? Wallahi darubini moja mtaani yaweza kubomoa khurafa ambazo hotuba kumi hazikuzibomoa.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufungia mlango huu siku aliyokuwa na huzuni kubwa. Mwanawe Ibrahim alipofariki, jua likapatwa, na watu wakasema kwamba limepatwa kwa kifo cha mtoto wa Mtume. Lau angalikuwa mtafuta utukufu, angalinyamaza tu. Lakini alisimama akawafahamisha kwamba jua na mwezi ni dalili mbili katika dalili za Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawaamrisha wasali. Alikataa kusifiwa kwa uwongo hata katika msiba wake.

Na historia yetu ina onyo. Mwaka 1577 huko Istanbul kilijengwa chuo kikubwa cha kuchunguza nyota, mkuu wake akiwa ni Taqi al-Din ibn Ma'ruf, bingwa wa hesabu na wa kutengeneza saa. Mwaka ule ule ikatokea nyota yenye mkia, na yeye akaingia katika kumtabiria Sultani kheri na ushindi. Baadaye yakaja maradhi na vifo. Maadui zake wakapata la kusema, na mwanzo wa mwaka 1580 chuo kile kikabomolewa. Wakati huo huo huko Ulaya Tycho Brahe wa Denmark alikuwa na chuo chake kisiwani, akipima mahali pa nyota usiku baada ya usiku. Vipimo vyake vikamfikia Kepler, na Kepler akaijua njia ya sayari. Nao pia walikuwa na unajimu wao, lakini vipimo vilihifadhiwa. Kwetu ulichanganywa uwongo na elimu. Ulipokasirikiwa uwongo, ikavunjwa elimu. Msirudie kosa hilo kwa kuivunja darubini ya kijana kwa dhambi ya mnajimu.

Majina yaliyo juu ya mwezi

Tena wajue wazee kwamba elimu hii si ya kuazimwa. Kijana aipigapo picha mwezi wa siku ya nane, katikati ya uso wake hutokea shimo kubwa lenye upana wa kama kilomita 97. Ramani za dunia nzima huliita Arzachel. Huyo ni az-Zarqali, Muislamu wa Toledo, Andalusi. Jirani yake ni Albategnius, naye ni al-Battani, aliyepima mwendo wa jua huko Raqqa na kufariki mwaka 929. Liko la Alhazen, ndiye Ibn al-Haytham wa Basra, aliyeeleza kwamba jicho huona kwa nuru inayoliingia. Liko la Azophi, ndiye as-Sufi, ambaye katika karne ya kumi aliandika kitabu cha sura za nyota. Liko la Ulugh Beigh, mfalme wa Samarkand aliyejenga chuo cha nyota katika miaka ya 1420. Aliyeyaeneza mengi ya majina haya katika ramani ya mwezi, mwaka 1651, alikuwa Riccioli, padri wa Kikristo wa Bologna. Padri aliwajua wazee wetu akawaweka mwezini. Sisi watoto wao hatuwajui hata kwa majina.

Na si zamani tu. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Wataliani lililosimama baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha Wamarekani cha kuchunguza nyota, kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Wageni waliiona bahari yetu kuwa ni mlango wa mbingu. Sisi tumeiona kuwa ni mahali pa samaki tu.

Suala la nne: Je, picha yatosha kwa mwandamo?

Hapa twawageukia vijana. Wanasema kwamba picha itawanyamazisha watu. Tutazame.

Tarehe 8 Julai 2013, Mfaransa Thierry Legault, kutoka mjini Elancourt karibu na Paris, aliupiga picha mwezi saa 3 na dakika 14 asubuhi ya huko, katika dakika ile ile ambayo mwezi ulikuwa unakutana na jua, umri wake sifuri. Ulikuwa umbali wa digrii 4.4 tu na jua, kadiri isiyofika nusu ya ngumi ya mkono ulionyooshwa. Alilikinga jua, akatumia miali isiyoonekana kwa jicho, na kompyuta ikautoa uzi mwembamba wa mwezi ndani ya mwangaza wa mchana. Na mwezi huo, ndugu zangu, ulikuwa ndio wa Ramadhani ya mwaka 1434.

Je, kwa picha ile watu walipaswa kufunga siku ile ile saa tatu asubuhi? Hapana aliyesema hivyo, wala hapana jicho la mwanadamu lililouona. Wataalamu tangu miaka ya 1930, wakimfuata Danjon wa Ufaransa, wametaja kwamba mwezi ulio karibu na jua kuliko kama digrii 7 haupatikani kwa jicho. Sharia imetufungamanisha na kuonekana, si na kuwapo. Mwezi upo siku zote. Ibn Hajar al-Haytami, katika Tuhfa yake ambayo ni tegemeo la wanavyuoni wa pwani hii, amesharutisha kwamba kuona kusiwe kwa njia ya kitu mfano wa kioo. Wengi katika maulamaa wa zama hizi wameikubali darubini iliyo mkononi mwa mtu atazamaye kwa jicho lake baada ya jua kutua. Lakini picha iliyokusanywa na kunolewa na kompyuta mchana, hiyo ni elimu nzuri na si ushahidi wa mwandamo.

Je, basi haina faida? Ina faida kubwa, nayo ni kuukataa uwongo. Imamu as-Subki, katika madhehebu yetu ya Shafi'i, aliyefariki mwaka 756 wa Hijra, alisema kwamba hesabu ya yakini ikionyesha kuwa mwezi hauwezi kuonekana, ushahidi wa anayedai kuuona hurudishwa, kwa kuwa yakini haivunjwi kwa dhana. Wako waliomkhalifu, na heshima yao iko pale pale. Lakini twaona nafsi zetu zatulia kwa kauli yake, khasa katika zama hizi ambapo mtu aweza kuitoa picha ya mwandamo wa mwaka uliopita, akaituma kwa simu usiku wa ishirini na tisa, na kabla ya Isha nyumba moja ikagawanyika, baba amenuia kufunga na mwana amenuia kula. Kijana azoeaye kuutazama mwezi kila mwezi hujua utakuwa wapi, utatua lini, na pembe zake zaelekea wapi; na kwetu, karibu na Ikweta, mwezi mchanga mara nyingi hulala chali kama dau. Akija mtu akasema aliuona umesimama kulia kwa jua ilhali ulikwisha tua, kijana huyu aweza kumsaidia kadhi kumuuliza vizuri. Kumsaidia, twasema, si kumpokonya kazi yake.

Nasaha

Basi wazee, waacheni vijana na darubini zao, na bora zaidi, kaeni nao. Mmezoea kuutafuta mwandamo kwa macho ufukoni. Mna uzoefu ambao kamera haina. Na ninyi vijana, shikeni haya. Sala isipite kwa sababu ya Mushtari. Mushtari itarudi, na wakati wa Sala haurudi. Msiielekeze darubini madirishani wala kwenye nyua za majirani, maana jicho lile lile la ibada laweza kuwa jicho la haramu. Msiielekeze kwenye jua pasipokuwa na kinga iliyotengenezwa kwa kazi hiyo na kufungwa mbele ya darubini, kwani nukta moja yatosha kulipofua jicho, na kujidhuru hakufai katika dini. Kila picha iandikeni tarehe yake, saa yake na mahali ilipopigwa, na mseme wazi mmeitengeneza vipi. Mlichokiona semeni mmekiona. Mlichokidhani semeni mmekidhani. Na msichokijua nyamazeni.

Na usiku wa shaka utakapokuja, nanyi hamkuuona, msione haya kusema: hatukuuona. Neno hilo ni ushahidi kamili, na huenda likawa zito katika mizani kuliko picha elfu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe macho ya kutazama na nyoyo za kuzingatia, atukusanye katika funga moja na Idi moja, na atujaalie kuwa miongoni mwa mashahidi wa haki. Amin.